Chai ya Maji ya Tangi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiweka pua juu ya kinywa ili imlinde mja wake, akateremsha mvua ikawa safi kabla haijaguswa na mikono yetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyetusomesha maji kabla ya kutusomesha sala, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ninaandika haya na kinyaa hakijanitoka. Namwomba Mola anizuie nisimdhulumu mtu kwa kalamu yangu.

Nimesomesha watoto Kurani na fikihi hapa Wawi tangu nilipokuwa mwari. Nilianzia ukumbini kwa mama, nikahamia bandani, na sasa tuna jengo la matofali lenye watoto wengi hata majina yao yananichanganya. Wazee wa kamati wakasema madrasa imekuwa kubwa, inataka mtu anayejua mambo ya ofisi, kompyuta na mafaili, na awe na cheti. Wakatazamana, kisha wote wakanitazama mimi. Basi nikaingia masomoni ukubwani, nikakaa dawati moja na mabinti wa umri wa wajukuu zangu, wao wakinionyesha pa kubofya na mimi nikiwasomea dua siku za mtihani. Kwa rehema za Mungu nilifaulu kila somo. Ikabaki fildi, kama wanavyoiita vijana: wiki nane za kufanya kazi katika ofisi ya watu, na mwisho wake mkuu wa ofisi hiyo atie saini kwamba umefaa. Bila saini hiyo hupati cheti, na bila cheti madrasa ingemtafuta mgeni.

Ofisi za kwanza nilizoziomba zilinikataa kwa adabu. Katika moja waliniuliza mwanafunzi mwenyewe yuko wapi, wakidhani nimemsindikiza mtoto. Katika nyengine waliniambia nitafute mahali penye ngazi chache. Nilipofika katika ofisi hii ya Chake Chake nilikuwa nimeshachoka kuomba. Nikaingizwa kwa mkuu, na alipoinua uso nikamjua. Alikuwa mtoto wangu wa madrasa, aliyekuwa akikaa safu ya mbele, hodari wa kuhifadhi, mwepesi wa kujibu. Aliinuka kitini, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili akaubusu mbele ya watu.

"Maalim wangu," alisema, "hii ni ofisi yako."

Nilirudi nyumbani nikilia kwa shukurani. Usiku ule nilimwombea yeye na wazazi wake.

Siku ya kwanza, Jumatatu, mwanangu alinipeleka kwa pikipiki. Nilikabidhiwa meza ndogo kwenye ujia, karibu na mlango wa choo na mabomba ya kutawadhia. Nilipangiwa kupokea wageni, kupanga mafaili, na kupika chai ya wageni, kwa sababu chai, katika ofisi ile, ni kazi ya mwanafunzi, awe na miaka ishirini au awe bibi kama mimi. Aliyenielekeza ni katibu muhtasi, mwanamke wa makamo, mwenye kujipamba na kunukia udi, mcheshi. Asubuhi ile ile akanibatiza jina la Bibi Fildi, na kufika saa nne jengo zima likawa linaniita hivyo. Sikuchukia. Nimeitwa majina mabaya zaidi na watoto wa madrasa wakidhani sisikii.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nikaenda kutawadha. Bomba lilikohoa kwanza, kisha maji yakaja. Nikasukutua. Nikapandisha maji puani. Hapo ndipo nilipopigwa na ile harufu. Ilikuwa na utamu ndani yake, utamu wa embe lililosahauliwa uvunguni, na nyuma ya utamu huo kulikuwa na kitu cha nyama na manyoya. Nilitema. Nikadhani ni mtaro wa nje. Nikamaliza udhu wangu, nikasali katika kile chumba kidogo cha kusalia, peke yangu, na kila nikisujudu naisikia harufu ile kwenye matamvua ya msala.

Nilimuuliza katibu kuhusu maji. Alicheka, akasema hiyo ni dawa wanayotia siku hizi kuua vijidudu, nitazoea. Nikaridhika. Na niliona jambo jengine likanifurahisha: ikifika adhuhuri wafanyakazi wote walivuka barabara kwenda msikitini, mikono yao mikavu. Nikawadhania kheri. Nikasema moyoni, hawa watu wanapenda sala ya jamaa.

Siku ya pili wageni walikuwa wengi, na katibu alisimama nyuma yangu jikoni akinisimamia. Tia tangawizi, aliniambia. Tia nyengine. Na iliki, na mdalasini, usibanie, hii si nyumba ya mtu bakhili. Nilishangaa kuona chai inatiwa viungo kama pilau. Kila mfanyakazi alikuwa na chupa yake ya maji aliyokuja nayo kutoka kwao, imesimama mezani, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kwenye chai. Nilidhani wamefunga sunna, lakini ilikuwa Jumanne, na muhogo wao waliutafuna.

"Chai ya ofisi hii," katibu alisema, "haitaki kitoweo."

Wakacheka. Dereva wa ofisi, mzee wa Wesha aliyekuwa amekaa mlangoni akingoja safari, hakucheka. Mimi nilitabasamu bila kujua ninachotabasamia, nikanywa kikombe changu nikakimaliza, maana tumelelewa kutomwaga neema. Nilipokuwa nikiosha birika nikaona kitu kimenata kwenye mdomo wake. Ulikuwa unywele mfupi, mwekundu wa kahawia, mlaini. Nikautazama juani. Haukuwa wa kichwa cha mtu.

Jumatano asubuhi yule dereva alinifuata nje, akajifanya anapangusa kioo cha gari.

"Bi Maalim," alisema kwa sauti ya chini, "usiyatie tena kinywani maji hayo. Mna popo."

"Popo wapi?"

"Tangini. Mfuniko ulichukuliwa na upepo, naye akaingia. Yule mkubwa, wa miembeni. Hata hatujui kwa nini hakutoka."

"Tangu lini?"

Akafikiri. Akasema yeye aliporudi kutoka safari ya Micheweni, ya kabla ya ile ya mwisho, alimkuta keshaingia.

"Na nani anajua?"

"Bi Maalim, nani asiyejua?"

Nilikwenda nyuma ya jengo nikatapika mpaka nikabaki natapika upepo. Sikuwa natapika popo peke yake. Nilitapika zile chupa za mezani, ile mikono mikavu iliyovuka barabara, ile tangawizi. Nilimkumbuka mama mmoja mjamzito niliyempa kikombe cha pili siku ya jana kwa sababu alionekana amechoka, naye akaniombea dua. Wote waliokuwa chumbani walinitazama nikimmiminia, na katibu akamwambia: kunywa, bibi, kunywa, upate nguvu.

Kisimani kwa jirani nilichota maji, nikaosha kinywa, mikono, na nguo iliyorukiwa. Nilikopa kanga kwa mwenye nyumba nikasali upya sala zangu zote nilizozisali kwa udhu ule. Kisha nikaenda kwa mkuu.

Nilimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu asiyejua. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akizungusha kalamu. Halafu akatabasamu, na lile tabasamu nililijua. Ni la mtoto wa safu ya mbele aliyekwisha kupata jibu.

"Maalim," alisema, "si wewe uliyetusomesha? Maji yakifika kulateni hayanajisiki kwa kitu kilichoingia. Na tangi lile ni kulateni mara ngapi!"

Kulateni ni kipimo cha maji katika fikihi yetu, kiasi cha mitungi miwili mikubwa ya kizamani. Ni kweli nilimsomesha. Lakini somo halikuishia hapo, nikamkumbusha: hayanajisiki maadamu hayajabadilika rangi, wala ladha, wala harufu.

"Harufu ni ya dawa," akasema.

"Mwanangu, nimeipandisha puani."

"Kila mtu na pua yake, Maalim."

Aliniambia kwamba yeye hakukaa bure. Tangi lile linatumiwa na ofisi mbili, na haikuwa wazi ni la nani, kwa hiyo ameandika Unguja kuomba maelekezo. Barua imekwenda. Wakijibu, mtu atapanda. Kufunga maji bila idhini kungesimamisha choo, na ukaguzi uko karibu. Kisha akaegemea kiti, akaifanya sauti yake kuwa laini.

"Wiki nane ni nyingi, Maalim. Tuvumiliane."

Nilimfahamu. Nilirudi mezani kwangu nikakaa. Nimefundisha subira maisha yangu yote, na siku ile nilijiambia kwamba huu ndio mtihani wake: nitengeneze ninachokiweza bila kelele, na saini yangu nisiipoteze. Jioni nikamwambia mwanangu aninunulie dumu jipya.

Alhamisi nilikuja na dumu hilo limejaa maji ya kisima chetu, limefungwa kamba nyuma ya pikipiki. Nikaliweka jikoni, nikamwambia katibu kwamba chai ya wageni itatoka humu, na anayetaka kutawadha pia achote. Alinishukuru sana. Akaniita mama. Siku ile walikuwa wamealikwa wazee wa Vitongoji, wakulima, kuja kuzungumzia mashamba yao na mkuu, na mimi nikatumwa chumba cha mafaili kuyatafuta majalada yao. Nilikaa humo muda, vumbi limenijaa. Niliporudi jikoni dumu lilikuwa tupu. Chupa za mezani zote zilikuwa zimejaa, zinametameta. Na kwenye sinia zilikuwa zimekwisha kupangwa chupa mbili za chai, zinanuka tangawizi mpaka zinamtoa mtu machozi.

"Maji yako matamu, Bibi Fildi," katibu aliniambia, akijipangusa mdomo. "Kesho lete mawili."

Nilimuuliza chai ile ameipika kwa maji gani. Akasema wageni wanangoja, na wewe ndiye mwanafunzi, chukua sinia.

Nikachukua. Nimeshaulizwa na wengi kwa nini nilichukua, na sina jibu jengine ila kwamba miguu ya mwanamke wa Kipemba ikiambiwa wageni wanangoja huenda yenyewe. Njiani, kati ya jikoni na chumba cha mkutano, nilipata hila. Sikutaka kumfedhehesha mtu. Sisi hatusemi mbele ya wageni kwamba chakula cha nyumba kibovu. Tunamkonyeza mwenye nyumba akiondoe mwenyewe. Na kuna ada ya madrasa ambayo hata wakubwa huishika: mwanafunzi hakatai kinachotoka mkononi mwa maalim wake. Nitamiminia kikombe cha kwanza, nimpe yeye. Akikishika atajua ninamwambia nini. Atatafuta sababu, atasema chai imepoa, irudisheni, na mambo yataisha bila mtu kuumbuka.

Wazee walikuwa wamekaa mstari mmoja ukutani, kofia zao safi, kimya, kama wanavyokaa watu waliotoka mbali kuja kumwona mkubwa. Nikawaamkia, wakaniitikia. Nikamimina kikombe, nikavuka chumba mpaka kwa mkuu, nikampa kwa mkono wa kulia.

"Bismillahi, mwanangu. Anza wewe."

Alikitazama kikombe. Akanitazama mimi. Niliona uso wake ukifahamu, na kwa pumzi moja nilimshukuru Mungu. Kisha taya zake zikakaza. Akakipeleka mdomoni akanywa, funda baada ya funda, macho yake hayaniachi, mpaka kikombe kikawa kitupu. Akakirudisha kwenye kisahani bila hata kukitikisa.

"Tamu," alisema. "Karibuni, wazee wangu, maalim wangu kawapikia."

Basi wale wazee walipoona mkubwa amekunywa, na chai imetoka kwa maalim, wakanyoosha mikono. Katibu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanipokonya chupa akaanza kumimina kwa haraka. Vikombe vikapita mkono kwa mkono. Nikaona mzee wa kwanza akipuliza mvuke, na wa pili amekwisha kuvuta funda, na nikajua kwamba mwenye kuwanywesha ni mimi.

"Msinywe," nilisema. "Tangini mna popo aliyeoza."

Nikarudia tena, wazi wazi, ili asiwepo wa kusema hakusikia: maji yameharibika, hawa wote wanajua, na wao wanakunywa yao. Nikaonyesha chupa zilizokuwa mezani. Yule mzee aliyekwisha kuvuta funda alibaki nalo shavuni, akitafuta pa kulitema. Mwisho akalitema kikombeni mwake kwa adabu, akajipangusa ndevu.

"Lahaula," alisema. "Mie popo nimewafukuza kwenye miembe yangu mwaka hata mwaka. Kumbe wamekuja kunilipia huku."

Mwenzake akamwambia ashukuru, wengine wanamla kwa kulipa. Hapo wakacheka, cheko fupi la watu walioumia. Halafu mmoja wao, mkwezi wa minazi, mwembamba kama ubao, akavua kanzu yake akaikunja, akabaki na fulana na kikoi, akauliza tangi liko upande gani. Mkuu alisema bado wanangoja idhini. Mzee yule alimtazama kama anayetazama mtoto anayesema usingizini, akatoka.

Alipanda kwa bomba la ukutani. Tulimsikia akitembea juu ya bati, kisha kimya, kisha akimtaja Mungu mara kwa mara kwa sauti ya kubanwa. Alishuka na kitu amekifunga katika kipande cha turubai. Kikadondosha maji njia nzima. Alipokiweka chini turubai likafunguka lenyewe, na sitaandika nilichokiona, ila kwamba mabawa yalikuwa bado yapo na uso haukuwepo, na manyoya yalikuwa mekundu ya kahawia, malaini. Walifungua bomba la chini kulimwaga tangi. Maji yalitoka na rangi ya chai. Wale mabinti wa ofisi waliokuwa wakicheka siku ya Jumanne walikuwa wameziba nyuso kwa mitandio, na katibu alikuwa akisema kwa kila aliyepita kwamba yeye siku zote alisema.

Mkuu alisimama mbali, mkono kwenye ukanda. Kisha akageuka, akaenda nyuma ya gari, tukamsikia akitapika. Hakuna aliyekwenda. Nilichota kikombe cha maji kisimani kwa jirani nikampelekea, maana nilimlea. Alikuwa ameinama, jasho limemtoka, tai yake ameitupia begani. Akakipokea, akasukutua, akakinywa kilichobaki. Hakunitazama.

"Zile siku," nilimuuliza, "wewe ulikuwa ukitawadhia wapi?"

Alinirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

Ijumaa aliniita mapema. Alikuwa amejitengeneza, ananukia, sauti yake ni ile laini. Akasema mimi ni mama yake na hatasahau niliyomfunza, lakini kazi ya ofisi inataka stara, na mtu asiyeweza kusitiri ofisi yake hawezi kuitumikia. Akasema ameona kwa umri wangu ni bora nipumzike, na chuo atawaarifu yeye mwenyewe kwa maneno mazuri. Nilimwambia stara ninaijua, nimeisomesha. Anasitiriwa mtu aliyeteleza. Hawasitiriwi watu wanaomnywesha mjamzito mzoga huku wakimtazama. Sikupandisha sauti. Nikaikunja karatasi yangu, mahali pa saini pakiwa peupe, nikaomba ruhusa, nikatoka.

Kwenye ujia walikuwa wamekwisha kuiondoa meza yangu. Katibu aliniambia kwaheri, Bibi Fildi, usitusahau. Siwezi kuwasahau. Ninapika chai nyumbani sasa na natia majani na sukari tu. Harufu ya tangawizi hunirudishia vile vicheko, na vinanikirihi kuliko kile kilichokuwa ndani ya turubai. Yule popo alikuwa hayawani, aliingia kutafuta maji akafa, hana hesabu. Wale walisali. Walivuka barabara na mikono mikavu wakasimama safu moja na Waislamu wenzao, na mimi wakaniacha nyuma nikijitia maji yale puani.

Mke wa mwanangu aliniuliza, mbona usingenyamaza tu, mama, wiki nane si nyingi, ukapata saini yako. Anasema kwa kunipenda. Wazee wa kamati hawakusema neno, lakini juzi nilisikia wamekwisha kumfikiria kijana mmoja wa mjini mwenye cheti. Namshukuru Mungu kwa hilo pia, madrasa isikwame kwa ajili yangu. Chuo wamesema nikitaka nianze upya fildi mwakani, katika ofisi nitakayoitafuta mwenyewe. Nitaitafuta, Mungu akinipa umri. Mabinti wa darasani kwangu wanamaliza mwezi huu, na mmoja wao amenialika kwenye sherehe yake. Nitakwenda nimpigie vigelegele.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akunyweshe safi duniani na akhera, akujaalie majirani wenye kukuambia kabla hujanywa, na akupe ulimi wa kuwaambia wao. Awarehemu waliotusomesha, na awaongoze tuliowasomesha. Amin.